Rosaria Anataka Kumwazima Wifi Yangu

Mpendwa wifi yangu,

Nilikupoteza asubuhi ya Idi Ndogo mwaka huu, mlangoni mwa msikiti, kwenye rafu ya viatu. Mimi nimeinama natafuta kiatu changu cha kushoto, wewe umeinama unatafuta chako, vichwa vyetu nusura vigongane. Nikasema, "Idi mubarak, wifi." Ukanyanyuka, ukamtazama mama wa Kisomali aliyekuwa nyuma yangu, ukampa yeye mkono na Idi yangu yote. Kisha ukatoka na viatu mkononi, hukuvaa hata, ukakanyaga theluji iliyoanza kuyeyuka kwa soksi. Ulikuwa radhi ulowe miguu kuliko kusimama karibu nami ufunge kamba.

Kaka yako ameniacha majira ya baridi, hilo watu wanalijua. Wewe umeniacha siku ya Idi, na hilo hajatangaziwa mtu. Ndiyo maana naandika hapa, kwenye ukurasa wa kikundi chetu cha kina mama, kwa sababu njia nyingine nimezimaliza. Simu hupokei. Ujumbe unabaki na tiki moja mpaka unachacha. Nimekuja kugonga kwako nikasikia televisheni ikipunguzwa sauti. Basi na wasome wote. Wenye kucheka wacheke, na wenye kutaka kunipigia kunishauri wakae na dakika zao, sihitaji ushauri. Nahitaji jibu, na jibu unalo wewe peke yako.

Lakini sikuja kulia, wifi. Nina habari! Habari kutoka Sisilia! Nimeikalia tangu Jumapili kama kuku aliyekalia yai, nikipika natabasamu peke yangu, wateja wanadhani nimepata mchumba. Nikiisema sasa hivi hutasoma yaliyobaki, nakujua. Kwa hiyo nitakuweka mlangoni kidogo, kama ulivyoniweka mimi.

Unakumbuka? Siku naingizwa kwenu bibi harusi, hapa hapa ughaibuni, mtaa wetu wa Dixon, ghorofa ya kumi na mbili. Dada wa bwana harusi ana haki yake ya kuzuia mlango mpaka apewe chake, hilo tumetoka nalo Tanga. Lakini wewe hukuwa na subira ya kungoja mlango wa nyumba. Ulisimama kwenye mlango wa lifti, mguu mmoja ndani, mmoja nje, ukatandaza mikono.

"Hapiti mtu!"

Lifti inalia tii, tii, tii. Nyuma yetu kuna kijana na baiskeli, kuna bibi na mifuko ya sokoni, wote wanataka kupanda na hawaelewi hawa watu wenye udi wamepatwa na nini.

"Wifi gani anaingia mikono mitupu?" ukasema. "Mimi sitaki kanga doti moja, nataka mbili. Na manukato. Na uniahidi kwamba jikoni kwako nina nafasi."

Nikakujibu kutoka chini ya ushungi, "Nafasi unayo. Ondoa mguu, lifti itatuua."

"Ikituua tutakufa mawifi," ukasema, na hukuuondoa mpaka doti mbili zikafika.

Nafasi jikoni nilikupa, na uliijaza. Nilianza na karai moja kwenye jiko la nyumbani, king'ora cha moshi nimekifunika kwa kofia ya plastiki ya kuogea. Hakuna aliyeniachia urithi, hakuna benki iliyonisikiliza. Leo nina jiko la kupanga mtaa wa Downsview, katikati ya ghala la matairi na ghala la mazulia, na harusi za Waswahili wa mji huu zikikosa sambusa zangu wageni wanauliza kuna nini. Lakini mkono wa kukunja manda ulikuwa wako. Mimi nikikunja tatu wewe umeshaweka sita na unasimulia jambo. Nimeajiri watu wawili tangu uondoke. Wawili! Na bado sinia za harusi zinachelewa, maana wale hufanya kazi, hawasimulii.

Na safari ilikuwa wazo lako, wala usikatae. Mwaka juzi, msimu wa harusi ulipokwisha na migongo yetu imekwisha pamoja nao, ukaja na simu yako ukanisogezea usoni. "Wifi, tazama bahari hii." Nikadhani Pangani. "Sisilia," ukasema. "Kisiwa. Juu yake Ulaya, chini yake Afrika, chenyewe kimekaa katikati kimejinyamazia. Kama sisi."

Kaka yako alikuwa kwenye kochi, akacheka. "Nendeni. Mtarudi kila mtu na ndege yake."

Tulirudi ndege moja, viti vya jirani, na usingizi wako begani mwangu ukinidondoshea mate juu ya Atlantiki nzima. Aliyekuja kupanda ndege yake ni yeye.

Palermo! Wifi, mimi mpaka leo nikifumba macho nalisikia lile soko. Wauza samaki wanapiga kelele kama wanagombana, kumbe wanasifia. Pweza wamelazwa juu ya barafu, nyanya ndefu kama vidole, mazeituni kwenye ndoo, mabilinganya ya duara yanayong'aa kama kiatu kipya. Nikaanza kukadiria kilo za kila meza, ukaniziba macho kwa kiganja. "Leo huhesabu. Leo unakula."

Tukafika kwa yule mzee na karai lake. Anachota vipande vyembamba vya njano kwenye mafuta, anavibana ndani ya mkate, anakamulia limau. Ukauma, ukasimama katikati ya njia watu wanakukwepa.

"Wifi! Unga wa dengu!"

"Acha uongo."

"Wallahi ni bajia. Bajia iliyopigwa pasi!"

Wenyewe wanaziita panelle. Nilikula tatu nikitafuta bizari, sikuiona, ila kotimiri ilikuwemo. Ukamwambia mzee wa watu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu kana kwamba sauti ndiyo hutafsiri, kwamba ameacha pilipili nyumbani. Akakubusu mkono. Hukuunawa mpaka magharibi.

Halafu bandama. Mtu anakaanga bandama sufuria limeinamishwa, moshi unanukia mpaka unatia wazimu, wewe unasema lazima tule, nyumbani bibi alikuwa anakufichia. Nikamwashiria, mafuta haya ni ya nini? Akaweka kidole kwenye pua, akaisukuma juu, akakoroma kama nguruwe. Sijawahi kuona mtu akiaga bandama kwa uchungu kama wewe. "Kwaheri mpenzi," ukamwambia nyama, na muuzaji akakuonea huruma akakupa limau la bure.

Na zile tambi! Hilo nalo nilisimulie mbele za watu, unisamehe. Sahani imekuja, tambi zimekolea rangi, juu zabibu kavu zimetapakaa na njugu ndogo. Ukapiga makofi. "Tambi za Idi! Wifi, wametupikia tambi za Idi!" Ukajaza uma kwa imani yote ya mtoto aliyelelewa Chumbageni kwetu Tanga, unangojea sukari, unangojea iliki. Ukakutana na samaki. Uso wako, wifi! Ulikuwa kama umefungua mlango wa nyumba yenu ukakuta ukoo mwingine umekaa. Mhudumu akaja mbio akidhani mwiba umekukwama. Kisha ukatafuna. Kisha ukasema polepole, "Lakini si mbaya," na ukamaliza ya kwako ukaingia ya kwangu.

Jioni ile tukaenda kuona kanisa lao kuu, jengo refu lenye minara. Tulisoma kwamba Waarabu walipokuwa na kisiwa palikuwa msikiti hapo. Tukafika kwenye kibaraza cha upande, na kwenye nguzo moja, kushoto, kuna maandishi yamechongwa. Ukasogea. Ukaweka kidole hewani bila kugusa, ukaanza kusoma kwa sauti ya madrasa, ile ya kuvuta. Aya ya Suratul Aaraf, kwenye mlango wa kanisa! Mama aliyekuwa anauza mishumaa akaacha biashara akasikiliza. Mimi vinyweleo vilinisimama.

"Wamebadilisha nyumba," ukaniambia, "lakini nguzo hawakuing'oa. Hata maandishi hawakuyafuta."

Ulisema wewe, wifi. Mimi nilikuwa napiga picha tu.

Kesho yake tukapanda basi hadi Trapani, ule mji uliochongoka baharini kama pembe. Kwenye mabwawa ya chumvi ukawa mtoto. Maji ya rangi ya waridi, vinu vya upepo, chumvi imerundikwa na kufunikwa vigae kama nyumba za wadogo. Ukaweka punje ulimini: "Hii ni ya kwetu, ila imekaa Ulaya ikapata makaratasi." Tukapanda kile kigari cha kamba kwenda Erice juu ya mlima. Nilikuwa nakuonyesha visiwa, wewe umefumba macho unasoma kila dua unayoijua, pamoja na ile ya kuingia chooni. Juu tukala vikeki vya lozi, ukungu ukatupita miguuni. Ukasema ukiwa tajiri utanunua ukungu ule upelekwe Dixon, ufunike yale majengo.

Na ndipo ikaja Jumamosi. Wifi, Jumamosi!

Tulikuwa tumerudi chini Trapani, tunapita tu. Kanisa dogo kwenye kichochoro, milango miwili mirefu, watu wamevaa wamevalika, kinanda kinalia ndani. Ukauliza, "Bibi harusi yuko wapi?" na kabla sijakujibu umepiga kigelegele. Kigelegele kile cha Tanga, kisichojua kwamba kiko ugenini. Kichochoro kikakirudisha mara mbili. Watu wakageuka wote, na mimi nikakujazia, ningefanyaje, kigelegele kimoja ni aibu, viwili ni sherehe.

Bibi harusi akatokea mlangoni na mumewe. Na wewe, sijui shetani gani wa Kiswahili alikupanda, ukapanda ngazi, ukasimama kizingitini, ukatandaza mikono.

"Hapiti mtu!"

"Wifi, toka! Si kwenu hapa!"

"Mlango ni mlango," ukanijibu bila kugeuka. "Msichana anatoka kwao anaingia kwa watu. Atapitaje bure?"

Kinanda kikanyamaza. Padri amesimama na kitabu chake. Na hapo ndipo akaja Rosaria, dada wa bwana harusi, gauni la kijani, anakuja kwa mwendo wa mtu anayekuja kumtoa mtu. Nikafungua simu nikaandika haraka: huyu ni dada wa mume wangu, kwetu dada wa mume huzuia mlango. Simu ikasema kwa sauti yake ya bati neno moja lililomsimamisha: cognata. Ndiyo wifi kwa lugha yao. Rosaria akanitazama mimi, akakutazama wewe. Akajionyesha kifuani. "Io! Io cognata!" Mimi ndiye wifi! Akakusogea ubavuni, akatandaza mikono na yeye. Mkawa ukuta wa mawifi wawili, mmoja baibui, mmoja gauni la kijani, na bwana harusi anasihi, na watu wanapiga makofi, na bibi harusi anacheka mpaka shela inamtoka. Akachomoa ua moja kwenye shada akakupa wewe, akachomoa jingine akampa Rosaria. Ndipo mkapisha.

Wakamwaga mchele! Hilo nalo nilitaka kuzimia. Wageni kama mia mbili, kila mmoja na konzi yake, wanautupa chini, wanaukanyaga. Nikapiga hesabu papo hapo: konzi gramu thelathini, hiyo ni kilo sita, kwa kipimo changu sahani sitini za pilau ziko chini ya viatu. Ukaniziba macho tena.

Kwenye karamu wakatuongezea meza. Rosaria akatukalia katikati. Kila mgeni akapewa kifuko cha lozi tano zilizoviringwa sukari, na akatueleza kwa vidole kwa nini tano: tano haigawanyiki kwa mbili. Hesabu hiyo niliipenda kuliko hotuba zote.

Na Jumatatu akatupeleka jikoni kwa mama yake tufinyange kusukusu. Si ile ya paketi. Ile ya kusugua unga na matone ya maji kwa vidole kwenye bakuli la udongo, duara, duara, mpaka unga ugeuke punje. Mmoja anyunyize, mmoja azungushe. Kisha chungu chenye matundu juu ya chungu cha maji, na pale vinapokutana unazungushia donge la unga mvuke usitoroke. Wewe ukabishana na mama wa watu. Ukamwonyesha kwa ishara kwamba kwetu tunapalia makaa juu ya mfuniko. Akakuonyesha kwa ishara kwamba kwao hapana. Mkabishana hivyo mchana kutwa, kila mtu kwa lugha yake, mkaagana mnalia. Mchuzi wa samaki ulipomwagwa juu ya ile kusukusu, hakuna aliyebisha tena.

Yule mama alituambia, na Rosaria akaitafsiri kwa simu, kwamba kazi hii ni ya wanawake wawili wanaopendana, kwa sababu ni ndefu na lazima uwe na la kusema.

Sasa nikwambie la kwangu, halafu nikupe habari.

Mimi na kaka yako tulikaa mezani tukagawana. Masufuria kwa mbili, viti kwa mbili, sikukuu za binti yetu Salma kwa mbili. Mimi ni mtu wa hesabu, sikulia, niligawa. Nilipofika kwako hesabu ikakataa. Wewe ndiye ile lozi ya tano, wifi, na kaka yako alikutia mfukoni nzima, na wewe ukakaa mfukoni kimya. Talaka niliyopewa ilikuwa na majina mawili. Nimeisoma kutoka juu mpaka chini na lako sikuliona. Sasa aliyetutaliki wewe na mimi ni nani? Mama mkwe? Jamaa? Au mlikaa kikao Dixon mkasahau kunialika?

Ijumaa za kumchukua Salma unakuja na kaka yako. Unabaki garini, umetazama mbele. Huyu ndiye shangazi aliyemfundisha kupiga kigelegele kabla hajajua kufunga vifungo. Juzi kaniuliza kwa Kiingereza chake, maana Kiswahili anakisikia tu, hakijibu: shangazi kaumia shingo? Nikamwambia ndiyo. Akataka kukuchorea kadi ya kukupa pole. Kadi ninayo, ina shingo ndefu ya twiga na plasta.

Toka dirishani kwangu naona dirisha lako, majengo mawili mbele, pazia lile la maua tulilolinunua pamoja. Nilikufuata Sisilia, nikavuka bahari nzima. Huku kuna maegesho ya magari tu na siwezi kuyavuka.

Habari sasa. Kaa chini kama umesimama.

Jumapili Rosaria kanitumia ujumbe wa sauti, simu ikanitafsiria. Anaolewa! Septemba hii, kanisa lile lile, milango ile ile. Lakini kuna tatizo, na sauti yake imejaa kilio na kicheko pamoja. Tangu Jumamosi ile yetu, ukoo wao umeishika ile kazi. Binamu yao alipooa, wifi alizuia mlango. Mtoto wa jirani alipooa, wifi alizuia mlango. Kichochoro kizima sasa kinasema harusi bila wifi mlangoni haijaiva. Wifi, umeacha mila Sisilia! Watu huacha miavuli hotelini, wewe umeacha mila!

Sasa mume mtarajiwa wa Rosaria ana kaka watatu na dada hana hata wa dawa. Nani atazuia? Mama yake Rosaria amekataa binamu, amekataa rafiki. Anamtaka yule wa kwanza, yule aliyebishana naye juu ya makaa. Rosaria akamalizia hivi, nimesikiliza mpaka nimeyahifadhi: "Niazime cognata wako. Siku moja tu. Nitamrudisha mzima."

Nilipiga ukelele hapa jikoni mtu wa ghala la matairi akaja kuangalia kama nimeungua. Nilianza kucheza peke yangu na mwiko! Kisha nikashika simu nimjibu, na mkono ukasimama. Nitamwazimaje mtu wifi ambaye mwenyewe sijui kama ninaye?

Nimemtumia picha ya ua. Anadhani ni furaha.

Nimeshikilia viti viwili vya ndege, vya jirani. Wanavishika mpaka Ijumaa hii saa kumi na mbili jioni, baada ya hapo vinarudi kwa watu. Na nimeanza tena kufinyanga kusukusu, nanyunyiza kwa mkono wa kushoto nazungusha kwa wa kulia, inatoka madonge. Wateja wanaipenda hata hivyo. Mimi najua ni madonge.

Sikuombi umchague mtu. Kaka yako ni damu yako, mpikie, mtetee, nisemeni jioni mkichoka kusema wengine, sitaki hata kujua. Sikuombi unirudishe kwenu. Nyumba imebadilika, nimekubali, nimeshahamisha masufuria. Nauliza nguzo. Ile uliyoisoma kwa kidole Palermo ukaniambia hawakuing'oa, yetu mmeing'oa au ipo?

Swali langu ni fupi: mimi bado ni wifi yako? Ndiyo, au hapana. Usinitumie kidole gumba. Usinitumie ujumbe wa mtu mwingine aliyetumiwa na mtu mwingine. Na usiniambie inshallah, wifi, inshallah ni ya Mungu na Yeye hatuna ugomvi, mimi nataka la kwako. Ukisema hapana nitaisikia kwa masikio haya, nitamwambia Rosaria ukweli, nitaenda peke yangu na kiti cha pili nitaweka mkoba. Ukisema ndiyo, lete ile doti ya kijani niliyokupa kwenye lifti, ifanane na gauni lake la siku ile.

Ijumaa unatoka kazini saa kumi. Jengo lenu lina lifti tatu na inayofanya kazi ni moja, hilo nalo nimeshalihesabu. Nitakuwa pale chini na kadi ya Salma, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Ilie itakavyo. Waje wenye baiskeli, waje wenye mifuko ya sokoni.

Hapiti mtu mpaka unijibu.

Wifi yako